Haramu ni mtu au ni tendo? Vyombo vya habari, wahamiaji wasio na vibali na kura za watazamaji

Siku polisi wakinasa lori lililobeba vijana kutoka Ethiopia wakielekea kusini, sikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili jioni yake. Iwe ni kituo cha Nairobi, cha Mombasa au cha Dar es Salaam, maneno huwa ni yale yale mawili: wahamiaji haramu. Yamezoeleka hata hayasikiki tena. Lakini kwa msikilizaji wa Pwani neno haramu halitoki katika kitabu cha sheria za uhamiaji. Latoka kwenye nyama ya nguruwe, kwenye riba, na kwenye tusi analotupiwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtu akishaitwa haramu hamaanishwi tena mtu aliyekosa karatasi fulani. Amekuwa najisi yeye mwenyewe.

Makala haya yaeleza mambo mawili yanayokwenda sambamba: namna vyombo vya habari vinavyowataja watu wanaoishi katika nchi bila kibali, na namna vinavyotumia kura za watazamaji kuonyesha "wananchi wasemavyo" juu ya watu hao. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko ndiko ugomvi huu umepiganwa hadharani kwa muda mrefu na kumbukumbu zake zipo. Pia habari nyingi za kimataifa tuzisomazo hapa hutafsiriwa kutoka mashirika ya Magharibi. Neno likibadilishwa New York hufika Mombasa baada ya saa chache, na mara nyingine tafsiri yetu hulirudisha palepale lilipotolewa.

Sheria yenyewe yasemaje

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani jambo hili ni la adabu ya lugha tu.

Kwa sheria ya Marekani, kuvuka mpaka bila kupitia kwa afisa wa uhamiaji ni kosa la jinai, lakini ni dogo: kwa anayetenda mara ya kwanza adhabu ya juu ni kifungo cha miezi 6. Kurudi baada ya kufukuzwa ni kosa zito zaidi. Lakini mtu aliyeingia kwa viza halali, ya masomo au ya matembezi, akakaa baada ya muda wake kwisha, hajatenda jinai kwa kule kukaa tu. Ni kosa la kiutawala. Aweza kufukuzwa nchini, lakini hapelekwi gerezani kwa hilo. Na watu wa aina hii si wachache. Watafiti wa uhamiaji wa huko waliona kwamba kwa miaka kadhaa mfululizo baada ya 2010, waliopitiliza viza walikuwa wengi kuliko waliovuka mpaka kwa siri miongoni mwa waliokuwa wakiongezeka katika kundi la wasio na vibali. Kwa Mkenya, ambaye baina yake na Marekani pana bahari nzima, njia ya kawaida ni hii ya viza iliyokwisha.

Kuna mtu wa tatu, naye ni mwomba hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu chake cha 31, wakataza nchi kumwadhibu mkimbizi kwa sababu ya kuingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja mahali maisha yake yalipo hatarini na akajisalimisha kwa wakuu bila kuchelewa. Huyu aweza kuvuka mpaka usiku, bila karatasi yoyote, na bado akawa na haki ya kusikilizwa.

Kwa hivyo neno moja, "haramu", lafunika watu watatu wenye hali tatu tofauti mbele ya hakimu. Mwanahabari akilitumia hajamwambia msomaji ni yupi kati yao. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa, kubwa hata kuliko utovu wa heshima. Kazi ya habari ni kupambanua, na neno hili huchanganya.

Ugomvi wa neno

Umoja wa Mataifa uliligusa jambo hili mapema. Mwaka 1975 Baraza Kuu lilipitisha azimio nambari 3449 likitaka mashirika yake yatumie maneno yenye maana ya wafanyakazi wahamiaji "wasio na hati" au "wasio wa kawaida" katika nyaraka rasmi. Vyombo vya habari havikushughulika nalo sana. Magazeti ya Marekani yaliendelea na maneno yake kwa miaka zaidi ya thelathini.

Msukumo ulikuja kutoka chini. Mwaka 2010, wakati jimbo la Arizona lilipopitisha sheria yake kali iitwayo SB 1070, iliyowataka polisi kuwauliza watu hati pale wanapowashuku, wanaharakati walianzisha kampeni ya kuyataka magazeti yaache kumwita mtu "illegal". Mwaka uliofuata, Juni 2011, alijitokeza Jose Antonio Vargas. Huyu alikuwa mwandishi aliyekuwa katika kundi la Washington Post lililopata tuzo ya Pulitzer ya 2008. Katika jarida la New York Times aliandika kwamba yeye mwenyewe hana kibali cha kuishi Marekani. Alitumwa huko kutoka Ufilipino akiwa na miaka 12, na alipofika miaka 16 akaenda kuomba leseni ya kuendesha gari, ndipo alipoambiwa kuwa kadi yake ya ukazi ni ya bandia. Washington Post, gazeti lake la zamani, lilikuwa limekataa kuichapisha habari hiyo. Kisa chake kiliwaweka wahariri mahali pagumu. Sasa "haramu" hakuwa mtu asiye na jina katika shamba la nyanya. Alikuwa mwenzao aliyeketi nao ofisini.

Tarehe 2 Aprili 2013 shirika la Associated Press, ambalo kitabu chake cha miongozo ya lugha hufuatwa na vyumba vingi vya habari duniani, lilitangaza kuwa neno "illegal" litatumika kwa tendo tu, si kwa mtu. Waweza kuandika kwamba mtu ameingia nchini kinyume cha sheria. Huwezi kuandika kwamba mtu huyo ni kinyume cha sheria. USA Today likafuata mwezi ule ule na Los Angeles Times mwezi uliofuata. New York Times halikupiga marufuku, bali liliwahimiza waandishi wake waeleze hali ya kila mtu badala ya kubandika jina.

Wengi husahau kwamba AP haikulikubali hata neno lililopendwa na wanaharakati, "wasio na hati". Hoja yake ilikuwa kwamba neno hilo nalo si sahihi: mtu aweza kuwa na pasipoti, leseni, cheti cha kuzaliwa na hata kadi ya benki, akakosa ile hati moja tu ya kumruhusu kukaa. Maagizo yakawa ni kueleza: aliingiaje, lini, kutoka wapi, viza yake ilikwisha lini. Msomaji ataona hapa kwamba kanuni hiyo yamzidishia mwandishi kazi. Hana tena neno moja la kujifichia, lazima apige simu na kuuliza. Wapinzani walisema sentensi ndefu hazitoshi katika kichwa cha habari, na ni kweli, hazitoshi. Wengine walisema maneno laini huficha ukweli kwamba sheria imevunjwa. Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, kwani msomaji akihisi kuwa anafichwa jambo huacha kuliamini gazeti. Lakini AP haikuficha. Kusema "aliingia kinyume cha sheria mwaka 2006" kwasema mengi zaidi kuliko "haramu".

Ugomvi ulifika hata maktaba. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza Machi 2016 kwamba itaacha kichwa cha mada kilichotumia neno lenye maana ya "wageni haramu" katika orodha zake, baada ya wanafunzi wa chuo cha Dartmouth kulalamika. Wabunge wa chama cha Republican wakaingilia kati. Ikachukua hadi Novemba 2021 kwa maktaba kutangaza badala yake. Serikalini nako maneno yamekuwa yakifuata aliyeko Ikulu. Aprili 2021 idara za uhamiaji chini ya Joe Biden ziliagizwa kuacha neno hilo, na Donald Trump aliporudi 2025 neno likarudi naye. Biden mwenyewe liliwahi kumponyoka katika hotuba yake ya Machi 2024 mbele ya Bunge, na siku mbili baadaye akasema amejutia kulitumia.

Upande wa Ulaya, Agosti 2015, Al Jazeera ya Kiingereza ilieleza kwamba haitawaita tena "wahamiaji" watu waliokuwa wakifa katika bahari ya Mediterania, bali pale inapofaa itawaita wakimbizi. Shirika la BBC liliendelea kutumia neno wahamiaji. Kila upande ulikuwa na sababu zake, maana ndani ya mashua moja waweza kukuta Msyria anayekimbia mabomu na kijana wa Afrika Magharibi anayetafuta kazi.

Lou Dobbs na ukoma

Neno baya peke yake halina nguvu nyingi kama halikupata jukwaa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipindi cha Lou Dobbs katika runinga ya CNN. Kwa miaka kadhaa, hadi alipoondoka ghafla Novemba 2009, Dobbs alifanya suala la wahamiaji wasio na vibali kuwa chakula cha kila jioni, chini ya mada aliyoiita mipaka iliyovunjika.

Mwaka 2005 kipindi hicho kilitangaza kwamba Marekani imepata wagonjwa 7,000 wa ukoma katika miaka mitatu, na wahamiaji wakatajwa kama sababu. Ukweli ni kwamba hesabu ile ya takriban 7,000 ilikuwa ya rejesta ya wagonjwa kwa muda wa miaka thelathini. Mei 2007 mwanahabari Lesley Stahl wa CBS alimuuliza juu ya jambo hilo. Dobbs akajibu kwamba wao wakitangaza kitu ni kweli, na kesho yake kipindi chake kikairudia ile hesabu. New York Times liliandika juu ya jambo hilo kwa kirefu mwezi huo huo. Ukoma! Katika maradhi yote ndio ulioteuliwa, ugonjwa ambao tangu zama za kale watu wametengwa kwa ajili yake.

Kipindi hicho hicho kilikuwa na kura ya watazamaji. Dobbs aliuliza swali, watazamaji wakapiga kura kwenye tovuti, na kabla ya kipindi kwisha matokeo yakasomwa. Maswali yalikuwa yameegemea upande mmoja tangu yalipoandikwa, na mara nyingi jibu lililotarajiwa lilipata zaidi ya asilimia 90. Utaratibu wake wafaa kuangaliwa vizuri, kwani ndio uleule unaotumika hadi leo katika vituo vingi duniani, na vyetu vikiwamo. Kwanza taarifa inayotia hofu. Kisha swali. Kisha asilimia kwenye kioo. Mtazamaji hupewa hofu, huulizwa kama anaogopa, halafu huambiwa kwamba wananchi wote wanaogopa.

Kwa nini kura ya watazamaji si kura ya maoni

Mnunuzi wa mchele hafungui magunia yote ghalani. Huchukua bambo, akachoma gunia moja juu, jingine katikati, jingine chini, akatazama punje zilizotoka. Akijua kuchoma, punje chache zamwambia hali ya shehena nzima. Lakini akingoja punje zinazojimwaga zenyewe kwenye tundu la gunia lililotoboka, hata akipata pishi kumi hajui kitu.

Utafiti wa maoni ulio wa kweli ni bambo: mtafiti ndiye anayemchagua wa kuulizwa, kwa bahati nasibu, ili kila mtu katika nchi awe na nafasi ya kufikiwa. Watu 1,000 wakichaguliwa hivyo hutoa jibu lenye kosa la kadiri ya pointi 3 juu au chini. Kura ya watazamaji ni punje zinazojimwaga. Anayepiga ni yule aliyekuwa akitazama saa ile, mwenye hasira au shauku ya kutosha kumfanya aguse simu, na pengine aliyetumiwa kiungo na wenzake katika kundi lao. Wengine hupiga mara tano. Norman Bradburn, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alizipa kura hizi jina la SLOP, herufi ambazo kwa Kiingereza pia ni neno la makombo anayolishwa nguruwe.

Wingi wa kura hauponyi ugonjwa huu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi milioni 10 kwa watu ambao majina yao mengi yalitolewa katika vitabu vya simu na rejesta za magari. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Waliokuwa na simu na gari katika miaka ile ya njaa hawakuwa nchi nzima, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa hata sawa na waliotumiwa. Miaka miwili baadaye jarida lilifungwa. George Gallup, aliyeuliza watu wachache sana kwa kulinganisha, alimtabiria Roosevelt ushindi.

Jaribio la wazi zaidi lilifanywa na runinga ya CBS yenyewe. Tarehe 28 Januari 1992, baada ya hotuba ya Rais George Bush mkubwa, ilifungua laini za simu kwa watazamaji, na usiku huo huo ikawauliza maswali yale yale watu zaidi kidogo ya 1,200 waliochaguliwa kitaalamu. Simu zilizojaribu kuingia zilipita milioni 24, na takriban 315,000 zilipokewa. Miongoni mwa waliopiga wenyewe, zaidi ya nusu walisema hali yao imekuwa mbaya kuliko miaka minne iliyopita. Miongoni mwa waliochaguliwa, waliosema hivyo walikuwa karibu theluthi moja tu. Ni usiku mmoja, swali moja, nchi moja, na laki tatu wakawa na habari potofu kuliko elfu moja na mia mbili.

Swali likiwa na jibu tumboni

Hata utafiti wa kitaalamu waweza kupotosha ukisomwa nusu. Juni 2024 Gallup iliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono kuwafukuza wote wanaoishi nchini humo bila kibali. Asilimia 47 walisema ndiyo. Katika utafiti huo huo iliwauliza kama wanaunga mkono kuwapa watu hao njia ya kupata uraia. Asilimia 70 walisema ndiyo. Ukijumlisha wapata zaidi ya mia, maana yake kuna watu waliokubali yote mawili ndani ya mazungumzo mamoja ya simu.

Watu hao si wajinga. Kila swali liliwaletea sura tofauti kichwani: la kwanza mtu wa kwenye taarifa ya habari, la pili labda jirani au fundi aliyewajengea ua. Lakini mhariri ana nafasi ya kichwa kimoja cha habari. Akichukua la kwanza ataandika kwamba karibu nusu ya nchi yataka watu wafukuzwe, na akichukua la pili ataandika kwamba wengi wataka wapewe uraia. Vyote viwili vitakuwa kweli.

Maoni yenyewe nayo hubadilika upesi. Mwaka 2024 asilimia 55 ya Wamarekani waliiambia Gallup kuwa wataka uhamiaji upunguzwe. Mwaka mmoja baadaye, baada ya miezi ya misako na picha za watu wakikamatwa makazini, walikuwa asilimia 30, na asilimia 79 walisema uhamiaji ni jambo jema kwa nchi, kiwango cha juu kabisa tangu swali hilo lianze kuulizwa. Anayejenga sera juu ya kura ya jioni moja hujenga juu ya mchanga wa maji kujaa na kupwa.

Ni wangapi hasa?

Idadi nayo ina kisa chake. Hakuna anayewahesabu wasio na vibali mmoja mmoja. Watafiti wa Pew huchukua jumla ya waliozaliwa nje kutoka utafiti wa sensa, wakatoa wale wanaojulikana kuwa na vibali, na kinachobaki, baada ya marekebisho, ndicho makadirio. Kwa njia hiyo walipata milioni 12.2 mwaka 2007 na milioni 14 mwaka 2023. Wataalamu wa vyuo vya Yale na MIT walitumia njia nyingine 2018 na kupata kama milioni 22, na wenzao wengi wakawapinga. Taarifa ya habari ikitaja namba moja bila kusema imepatikanaje, imechagua upande bila kutuambia.

Tena ndani ya hiyo milioni 14 ya Pew wamo watu zaidi ya milioni 6 waliokuwa na kinga ya muda ya kutofukuzwa, kwa mfano waliopewa hifadhi kwa sababu ya vita au maafa kwao. Wahaiti wa mji wa Springfield, Ohio, wengi wao walikuwa hivyo: walikuwapo kwa idhini, wakifanya kazi kwa idhini. Hata hivyo Septemba 2024, katika mdahalo wa urais, Trump alidai kwamba watu hao wanakula mbwa na paka wa wenyeji, na katika mabishano yaliyofuata waliitwa "haramu" mara nyingi. Msimamizi wa mdahalo, David Muir, alisema palepale kwamba wakuu wa mji hawakuwa na taarifa zozote za kuaminika za jambo hilo. Uvumi ulikuwa umeshatangulia, na shule za mji huo zilifungwa kwa vitisho vya mabomu.

Huku kwetu

Pwani twajua pande zote mbili za jambo hili. Wazee wetu wa bandarini walikuwa na neno lao, kuzamia. Kijana aliyejificha kwenye meli akaibukia Ulaya aliitwa mzamiaji, na aliporudi na suti alikaribishwa kwa bashasha. Hakuna aliyemwita haramu. Haramu ni wa kuja, si wa kwenda.

Leo wa kwenda ni dada zetu walioko Ghuba. Msichana wa Likoni au Malindi huondoka na pasipoti, viza na mkataba. Kwa mfumo wa kafala kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akikimbia nyumba hiyo kwa sababu ya kipigo au mshahara usiolipwa, mwajiri humripoti kuwa ametoroka, na tangu hapo yeye ndiye asiye na kibali, aweza kukamatwa barabarani. Mageuzi ya kazi ya Saudi Arabia ya 2021 hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Gazeti la huko likimwita mhamiaji haramu litakuwa limeandika kinyume cha jinsi mambo yalivyokuwa: ruhusa alikuwa nayo, akaipoteza kwa kuokoa nafsi yake. Nasi tukitafsiri habari hiyo neno kwa neno twamtukana mtoto wetu.

Na wa kuja pia twawajua. Wamakonde wa Kwale, ambao babu zao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa miongo mingi wakihesabiwa wageni. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakapokewa na Rais Uhuru Kenyatta, ndipo wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliochanganya damu na wenyeji kwa vizazi, walingoja hadi 2023. Kwa miaka yote hiyo afisa aliweza kumkamata Mpemba ufuoni na taarifa ikasema mgeni haramu amenaswa, ingawa alizaliwa pale pale ufuoni. Vijana wetu wengi wenye majina ya Kiislamu, waliowahi kuombwa hati za babu zao walipokwenda kuchukua kitambulisho, hawahitaji kuelezwa zaidi. Na Aprili 2014, katika msako uliopewa jina la Usalama Watch, maelfu ya watu walikusanywa na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, miongoni mwao wakiwamo wenye hati halali.

Maneno ya kutumia yapo, wala si magumu. Wahamiaji wasio na vibali. Walioingia nchini bila hati. Aliyepitiliza viza. Mwomba hifadhi. Mzaliwa asiye na uraia. Kila moja lina mtu wake, na mwandishi akichagua moja amelazimika kwanza kujua ni nani anayemwandika.

Kuhusu kura, Kenya ina sheria ya 2012 ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Yamtaka anayechapisha aseme nani kafadhili, nani kafanya, lini, na ni watu wangapi walioulizwa. Lakini sheria hiyo ni ya uchaguzi tu. Swali la saa tatu usiku, "Je, wageni wafukuzwe? Tuma NDIYO au LA", haliguswi nayo. Kituo hakilazimiki kusema kama waliotuma walikuwa elfu arobaini au arobaini. Hata mtangazaji akiitaja idadi, haisaidii kitu kama hatujui ni akina nani. Ningependa angalau waandike chini ya kioo kwamba ni maoni ya waliotuma ujumbe, basi. Ni maneno matano, nayo nafasi ya kuyaweka ipo, maana matangazo ya kamari hupita papo hapo.

Na kuna watu ambao kura hiyo haiwezi kuwafikia hata wakitaka kupiga. Kusajili laini ya simu hapa kwahitaji kitambulisho au hati nyingine inayotambuliwa. Mmakonde wa kabla ya 2016 na Mpemba wa kabla ya 2023 walitumia laini zilizoandikishwa kwa majina ya majirani, kama walikuwa nazo. Swali likiulizwa kwenye runinga kama wao wabaki au waondoke, NDIYO na LA zote zilihesabiwa kwa jina la mtu mwingine.